Chapa ya Nani?

Kauboi wa kwanza niliyemjua hakuwa na ng'ombe. Nilimwona katika banda la video mtaani kwetu Tandika, kiingilio sarafu chache, mabenchi ya mbao, joto la tanuri. Alikuwa na kofia, bastola mbili, sigara isiyozimika na farasi aliyeitika kwa mluzi. Alikunywa, alicheza karata, alimiminia watu risasi, kisha akaondoka zake jua likizama. Filamu nzima, ng'ombe hata mkia hukuuona. Nasi watoto hatukuuliza! Mtu jina lake kwa Kiingereza ni kijana wa ng'ombe, halafu kazi yake kuua watu. Ingekuwa filamu ya mvuvi asiyegusa maji, tungegomba turudishiwe hela zetu.

Kauboi wa kweli nimemjua ukubwani, kwa vitabu vya mitumba vinavyopangwa chini barabarani na kwa kusomasoma huku na huku. Nilimtafuta kwa sababu ya swali lililokuwa likinikera, na swali lenyewe nililitoa kazini. Mimi ni msoma prufu. Nimefanya kazi miaka minne katika kiwanda kidogo cha uchapaji hapa Dar, ambacho jina lake nalihifadhi. Tajiri wetu alikuwa na kauli aliyoipenda: "Vijana, kiwanda hiki ni chenu." Aliisema hasa mwezi ambao mshahara umechelewa, na zile Jumamosi ambazo tulifanya kazi bila hata nauli. Ajabu ni kwamba mimi niliamini. Niliipenda kazi. Herufi moja ikinipita, nilikosa usingizi. Sasa mapenzi yale yalikuwa yangu, au nilikuwa nimepigwa chapa bila kusikia harufu ya ngozi ikiungua?

Swali ndilo hilo, ndugu msomaji. Je, mtu anaweza kuwa na fahari ya kweli katika kazi ambayo matunda yake yote ni ya mwingine? Na kama fahari hiyo ni ya kweli, mbona anayeisifu kwa sauti kubwa kuliko wote ni yule mwenye matunda?

Tumtazame basi kauboi, maana sijaona kazi nyingine ambamo fahari ni kubwa hivyo na mali ni ndogo hivyo.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865, jimbo la Texas lilikuwa limejaa ng'ombe wa pembe ndefu, nusu mwitu, ambao bei yao pale ilikuwa kama dola 4. Kaskazini, kwenye soko la miji mikubwa, ng'ombe yuleyule aliweza kufika dola 40. Mwaka 1867 mfanyabiashara mmoja, Joseph McCoy, alijenga mazizi kando ya reli katika mji wa Abilene, Kansas. Ikabaki kazi moja tu: nani atawaswaga hao ng'ombe mamia ya kilomita mpaka relini? Kundi la ng'ombe 2,500 lilikwenda na watu 10 au 12, kilomita 16 hadi 24 kwa siku, miezi miwili au mitatu njiani, mito bila madaraja. Ujira ulikuwa karibu dola 30 kwa mwezi. Piga hesabu ya dukani tu: ng'ombe mmoja aliyefika salama aliulipa mshahara wa kijana wa mwezi mzima na chenji ikabaki. Naye alikuwa amefikisha mia mbili na ushee.

Ustadi wenyewe haukuanzia hapo. Uliletwa na wachunga ng'ombe wa Mexico, wanaoitwa vaquero, waliorithi mambo ya Wahispania. Kamba ya kitanzi, rodeo, suruali ya ngozi ya kujikinga na miiba, vyote na majina yake vilitoka kwao. Huko Nevada na mashariki ya Oregon kauboi mpaka leo anaitwa buckaroo, na neno hilo ni vaquero lililokwama kwenye ulimi wa Kiingereza. Sisi tunaoketi mezani na kujifuta kwa leso tusiwacheke. Nasi tuliyaokota kwa Wareno namna hiyohiyo. Tena wengi katika makauboi hao walikuwa Wamexico, na wengi walikuwa watu weusi waliotoka juzijuzi katika utumwa. Banda letu la video halikutuonyesha hata mmoja.

Usiku walipokezana zamu kulizunguka kundi lililolala, wakiimba polepole. Haikuwa kujiburudisha. Sauti ya mtu ilimjulisha ng'ombe kwamba hicho kinachotembea gizani ni kitu anachokijua. Radi ikipiga, au kijiti kikikatika vibaya, kundi lote lingetimka, na ole wake ambaye farasi wake angejikwaa mbele ya kwato elfu kumi. Hapo ndipo kauboi aliponishika mimi. Mtu wa dola moja kwa siku, saa nane za usiku, anamwimbia ng'ombe wa mtu mwingine. Na wale waliokuja kuandika habari zao uzeeni, kama Teddy Blue Abbott ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1939, wanaizungumzia miaka ile kama mtu anavyomzungumzia mchumba wa ujanani.

Wanasiasa wetu wa vijiweni watanijibu haraka, hasa waliopitia Mlimani: huo ni unyonywaji, basi, mjadala umefungwa. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Huyu alichumia juani, na aliyekula kivulini alikuwa mwingine, pengine ng'ambo ya bahari. Sikatai. Lakini jibu hilo linaniacha na mtu mzima niliyemfanya mjinga. Linasema yeye hakujua alichokipenda. Na mimi nasita sana kumwambia mtu kwamba furaha yake si yake.

Tazama alichokuwa nacho. Tandiko lilikuwa lake. Alilinunua kwa mshahara wa mwezi mzima au zaidi, akalitia umbo la mwili wake, akalilalia kichwa usiku. Kwao kusema fulani ameuza tandiko lake ilikuwa sawa na kusema amekwisha, hana habari tena. Farasi, kinyume chake, walikuwa wa tajiri. Katika ranchi kubwa kila kauboi alikabidhiwa fungu lake la farasi, saba, nane, hata kumi, kwa kuwa kazi ya siku moja ilimchosha mnyama mmoja na zaidi. Sikiliza sasa desturi yao. Ukishakabidhiwa fungu lako, hakuna mwingine anayempanda farasi wako. Si mwenzako, si mgeni wa bwana mkubwa, wala msimamizi mwenyewe bila kukuomba. Na msimamizi akimwondoa farasi mmoja katika fungu lako bila kukuuliza, hahitaji kuongeza neno. Maana yake inajulikana: huna kazi. Unafungua tandiko lako, unaondoka.

Nimeitafakari desturi hii mara nyingi kuliko vitabu vya falsafa nilivyoazima na kuvirudisha nusu. Kwa karatasi, farasi ni wa tajiri mia kwa mia. Anaweza kumuuza kesho. Lakini kati ya tajiri na farasi wake amesimama mtu asiye na kitu, na tajiri hawezi kumpita mtu huyo bila kumvunjia heshima, na akimvunjia heshima amempoteza. Hakuna wakili aliyeandika sheria hiyo. Waliiweka watu wa dola 30 kwa mwezi, na wenye ekari maelfu wakaitii.

Ukitaka kuona kwa nini waliishikilia, angalia jinsi farasi anavyotengenezwa kwa mila ya wale buckaroo. Farasi mchanga haanzi na lijamu mdomoni. Anaanza na hatamu ya ngozi mbichi iliyosukwa, inayozunguka pua tu, na anakaa nayo pengine miaka miwili. Kisha huvishwa hatamu mbili kwa pamoja, ile ya pua ikiwa bado ndiyo inayosema na lijamu likibebwa tu ili alizoee. Mwisho kabisa, baada ya miaka mitano au zaidi, huendeshwa kwa lijamu peke yake, tena lijamu kali ambalo mkono wa papara ungemjeruhi nalo. Lengo ni kwamba mkono usivute. Farasi aliyeiva anageuka kwa uzito wa hatamu shingoni na kwa fikra ya mpandaji, unaweza kusema. Miaka yote hiyo ya subira inamwagwa ndani ya mnyama ambaye, mtu akiacha kazi, anabaki zizini kwa tajiri.

Wengine watasema huo ni upumbavu. Mimi nilipousoma nilinyamaza kidogo, nikakumbuka miswada ya watu niliyoikesha.

Sasa tuje kwenye chapa. Wana msemo wao unaopendwa sana, kwamba kauboi anapanda farasi kwa ajili ya chapa. Yaani ukishakubali kula chakula cha ranchi, umekuwa wa alama ile iliyochomwa kwenye ngozi ya ng'ombe wake: unailinda, hausemi vibaya habari zake, unalala njaa kwa ajili yake. Kiswahili chetu kina utani wake hapa, maana chapa ni ile ya ng'ombe na chapa ni hii ya vitabu. Mimi pia kwa miaka minne nimeishi kwa chapa.

Msemo huo mwanzoni ulikuwa na mantiki nzuri. Kabla ya Joseph Glidden kupata hataza ya seng'enge yake mwaka 1874, ng'ombe wa ranchi kumi walichanganyika katika nyika moja isiyo na uzio. Kila mwaka walikusanywa, na ndama akapigwa chapa ya mama anayemfuata, hata kama ni chapa ya jirani ambaye hayupo kushuhudia. Bila watu waaminifu mpango wote ungevunjika wiki moja. Uaminifu kwa chapa ulikuwa uaminifu kwa jirani. Naye kauboi alikuwa na upenyo wake: katika sehemu nyingi aliruhusiwa kumpiga chapa yake mwenyewe ndama asiye na alama wala mama, na kuwachunga wachache wake ndani ya kundi la tajiri. Mtu akiwa mwangalifu aliweza, pole pole, kuwa na kundi dogo.

Kisha zikaja kampuni. Fedha zilitoka Chicago, London, Uskoti. Ranchi ya XIT peke yake ilipewa ekari 3,000,000 za Texas, malipo kwa matajiri wa Chicago waliojenga jengo la serikali ya jimbo mjini Austin. Kanuni zake za mwaka 1888 zilipiga marufuku pombe, kamari na bastola. Poa, hayo tuyaache. Lakini zilimkataza pia mfanyakazi kuwa na ng'ombe wake mwenyewe pale ranchini. Si XIT peke yake. Ulikuwa mtindo wa wakubwa wapya. Ule upenyo ulizibwa. Kumbuka kwamba msemo wa kupanda kwa ajili ya chapa haukufutwa. Uliendelea kusemwa vilevile, kwa sauti ileile, ila sasa chapa iliyobaki ilikuwa ya upande mmoja tu.

Mwaka 1883, katika ukanda wa kaskazini wa Texas, makauboi wa ranchi za LIT, T Anchor, LS na nyingine waligoma. Naam, kauboi aligoma! Hili nalo banda la video halikutuambia. Watu 24 walitia saini tamko la kudai dola 50 kwa mwezi, wao na wapishi wao, wakachagua majira ya kuchipua, kazi ya kukusanya ng'ombe ikiwa inakaribia. Miongoni mwa viongozi alikuwa Tom Harris wa LS. Mgomo ulidumu kama miezi miwili na nusu, ukafa. Wagomaji walifukuzwa, wengine wakaajiriwa mahali pao, maana vijana wenye njaa na ndoto hawakosekani. Baadhi ya waliofukuzwa walidaiwa kugeuka wezi wa ng'ombe, na mwaka uliofuata matajiri wakamkodi Pat Garrett, yuleyule aliyemuua Billy the Kid mwaka 1881, awaongoze walinzi wenye bunduki dhidi yao.

Je, waligoma kwa haki? Mimi nasema ndiyo. Lakini kuna jambo linaloniuma katika mgomo ule, na sitalificha ili hoja yangu ipendeze. Kiwanda cha misumari ukikiacha wiki mbili, msumari hauumii. Ng'ombe anaumia. Mtamba anayezaa mara ya kwanza usiku wa baridi, ndama akakwama, anahitaji mtu pale pale, mwenye minyororo midogo ya kufunga miguu ya mbele ya ndama na nguvu za kuvuta kwa kufuata uchungu wa mama. Ndama akitoka anapanguswa kwa majani makavu, na theluji ikizidi analetwa ndani, anawekwa sakafuni jikoni karibu na jiko. Katika kazi hiyo chapa haina nafasi. Ndama hajui yeye ni wa nani. Wakati wa baridi kali ya mwaka 1886 kuingia 1887, ng'ombe walipokufa kwa mamia ya maelfu katika nyanda za kaskazini, wenye mali wengi walisoma habari hizo kwenye barua. Walioyasikia malalamiko yale usiku ni makauboi.

Hapo ndipo fundo lilipo. Mwenye mali anajua kwamba wewe hutaacha kiumbe kife. Uzuri wako ndio mnyororo anaokushikia. Muuguzi analijua hili, mwalimu wa darasa la watoto mia analijua, na mwandishi kijana anayeambiwa shairi lake "litamtangaza" analijua pia.

Nipitishe habari ya Bose Ikard, maana bila yeye nisingeandika makala haya. Alizaliwa mtumwa huko Mississippi, akakulia Texas, na mwaka 1866, akiwa huru, akaingia katika safari za ng'ombe za Oliver Loving na Charles Goodnight, huyo Goodnight aliyebuni gari la jikoni linalofuatana na kundi. Ikard alikesha, alipigana, alizuia makundi yaliyotimka, na alibeba fedha za mauzo, kwa kuwa Goodnight alisema hakuwahi kumwamini mtu kuliko yeye. Miaka ikapita. Goodnight akaingia ubia na tajiri kutoka Ireland, John Adair, mwaka 1877, na ranchi yao ya JA ikaja kupita ekari milioni moja. Ikard alikuwa na wazo la kuhamia Colorado. Goodnight akamshauri asiende, kwa kuwa weusi huko ni wachache, anunue shamba Texas. Akaishi Weatherford, akafa mwaka 1929. Goodnight, mzee wa miaka zaidi ya tisini, akamwekea kaburini jiwe la heshima.

Maneno ya jiwe hilo yanasifu kwamba Ikard alitumika naye miaka minne, hakuwahi kukwepa wajibu wala kukaidi amri, na kwamba mwenendo wake ulikuwa bora kabisa.

Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi na kila mara nagawanyika. Siamini kwamba Goodnight alikuwa mnafiki. Mzee wa umri ule hana wa kumdanganya, alimpenda mwenzake. Lakini nauliza: angekuwa Ikard ndiye wa mwisho kufa, naye ana uwezo wa kuchonga jiwe, angeandika kwamba Goodnight hakuwahi kukaidi amri? Amri ya nani? Sifa zile ni za kweli, na zimepangwa zote kuelekea upande mmoja, kama maji ya mteremko. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba Ikard alijua kusoma anga, au kwamba mkono wake ulikuwa mwepesi kwenye hatamu. Kazi yake imegeuzwa kuwa utumishi. Mimi naona kuna wizi mdogo pale, uliofanywa kwa machozi halisi.

Basi jibu langu, na mtu anipinge akitaka: fahari ya kauboi ni mali yake halali, na kwa sababu hiyo hiyo haiwezi kuwa mshahara wake. Huwezi kumlipa mtu kwa kitu ambacho ni chake tayari. Tajiri anapomwambia "unaipenda kazi, dola za nini tena?" anamnunua kwa pochi yake mwenyewe. Tena uaminifu wa kauboi, ukiuchunguza vizuri, haukuwa kwa chapa kamwe. Ulikuwa kwa ndama, kwa farasi, kwa mwenzake wa zamu. Chapa ilipita tu katikati ikauchukua, kama mtu anayesimama mlangoni pa harusi akapokea zawadi zisizo zake.

Mpaka leo mambo hayajabadilika sana. Sheria ya Marekani ya mwaka 1938 iliyoweka kima cha chini cha mshahara bado inamtoa nje mtu anayechunga mifugo katika malisho ya wazi. Wengi hulipwa kwa mwezi, pamoja na nyumba ya ranchi na nyama ya ng'ombe mmoja kwa mwaka. Ukiacha kazi, nyumba nayo umeiacha, na watoto wanahama shule. Pikipiki za magurudumu manne zimeingia, helikopta zimeingia, lakini mabonde mengine farasi ndiye pekee anayeyaweza. Na desturi zinaishi. Msimu wa kupiga chapa, majirani huja kusaidiana bila kulipana. Leo kwako, kesho kwangu. Wawili wanamlaza ndama, mmoja anachanja, mwingine anahasi, chuma kinatoka motoni, chakula kinapikwa cha kijiji kizima. Kushika kamba na kuwavuta ndama mpaka motoni kwa miguu ya nyuma ni heshima. Huingii na farasi wako hadi uambiwe. Mtu akishuka kufungua lango, wenzake hawaondoki mpaka alifunge na apande tena farasi wake, kwa kuwa farasi huhangaika akiona wenziwe wanakwenda. Sijui kwa nini hiyo ya lango hunigusa kuliko zote.

Tena wanaandika! Tangu mwaka 1985 makauboi hukusanyika kila majira ya baridi huko Elko, Nevada, kughani mashairi yao, yenye vina na mizani, ambayo mabingwa wa mijini wanayaona ya kishamba. Mmoja wanayemghani sana ni Bruce Kiskaddon. Alifanya kazi za ng'ombe Colorado na Arizona, kisha mwaka 1926 akaenda Hollywood kutafuta kazi ya filamu, akaishia kubeba mizigo ya wageni hotelini Los Angeles. Mashairi yake yalitoka mwezi kwa mwezi katika kalenda za soko la mifugo. Akafa mwaka 1950. Fikiria mwenyewe: mzee wa sare na kofia ya hoteli, sanduku la mgeni mkononi, kichwani anatafuta kina cha neno linalotaja sauti ya ng'ombe alfajiri. Tandiko lake hakuliuza yule.

Nimalizie na kisa changu. Mwezi uliopita nilikuwa nasoma prufu za kitabu cha mwalimu mstaafu, historia ya kijiji chao, aliyelipia uchapaji kwa kiinua mgongo chake. Alikuwa akija kila Ijumaa, anakaa kwenye benchi, haulizi kitu. Mswada ulikuwa na makosa mengi, majina ya mababu yamechanganywa, sura ya 7 kurasa zimepandana. Niliushughulikia kama macho yangu. Nikamwendea tajiri, nikamwambia kwa adabu kwamba Jumamosi nitakuja nikilipwa, na kwamba mshahara wa miezi miwili tunaomba tuupate. Alinisikiliza vizuri. Akasema, "Lakini mdogo wangu, kiwanda hiki si chenu?" Nikajibu, "Bosi, kingekuwa chetu ningejua kina shilingi ngapi benki." Tukacheka wote wawili.

Jumatatu nilifika mapema. Meza yangu ilikuwa safi. Mswada wa mwalimu ulikuwa mezani kwa kijana mgeni aliyeanza wiki ile, ameufungua ukurasa wa kwanza, kalamu nyekundu mpya mkononi. Hakuna aliyesema kitu, na mlango wa tajiri ulikuwa umefungwa.

Nilivuta kiti nikakaa na yule kijana kama saa moja. Nikamwonyesha sura ya 7, nikamwandikia majina ya mababu kwa mpangilio wake, nikamwambia mzee huja Ijumaa na hupenda chai ya tangawizi. Kisha nikachukua kamusi yangu, niliyoinunua kwa fedha yangu mwaka wa kwanza na ambayo jalada lake limeshachukua umbo la kiganja changu, nikashuka ngazi.